Shiriki, Shirikisha, Sambaza: Uelekezi wa Vitenzi vya Kupelekeana Viungo na Picha katika Mawasiliano ya Kidijitali

Ikisiri

Katika simu janja na kompyuta, kitendo cha kumpelekea mtu mwingine kiungo au picha hufanywa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Katika programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kitufe hicho huandikwa Shiriki. Makala hii inaeleza kwa nini kitenzi hicho hakibebi kazi kiliyopewa, na inaonesha kwamba mfumo wa mnyambuliko wa Kiswahili tayari unatofautisha vitendo ambavyo kitufe hicho kimevichanganya: kuelekeza, kutoa nakala na kuruhusu. Mjadala unaegemea tabia za kisintaksia za vitenzi shiriki, shirikisha, sambaza na tuma, kisha unagusia athari za mchanganyiko huo kwa umilikaji wa kazi za fasihi zinazosambazwa kama picha na kwa uwajibikaji wa kisheria wa anayezisambaza.

Utangulizi

Tafsiri ya programu za kompyuta kwa Kiswahili ilianza kabla mitandao ya kijamii haijaenea. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na istilahi zilizohitajika wakati huo zilikuwa zaidi zile za ofisi: faili, hifadhi, chapa, futa. Kitendo cha kupeleka kitu kwa mtu mwingine kilihudumiwa vizuri na kitenzi tuma, kwa kuwa barua pepe ilichukuliwa kuwa barua. Facebook ilipopata sura ya Kiswahili mwaka 2009, mfasiri alikutana na jambo jipya. Neno la Kiingereza lililokuwa juu ya kitufe, share, lilikuwa limekusanya ndani yake maana ambazo Kiswahili huziweka mbalimbali: kugawana mkate, kuwa na hisa katika jambo, kumweleza mtu siri, na sasa kuweka picha mahali ambapo wengine wataiona. Kamusi zilitoa gawa, gawana na shiriki. Gawa lilikataliwa kwa sababu inayoeleweka, kwani kinachogawanywa hupungua ilhali picha iliyopelekwa kwa watu mia hubaki nzima kwa mpelekaji. Likabaki shiriki, likakubaliwa, na kutoka hapo likanakiliwa katika programu nyingine nyingi. Kwingine hukutwa Sambaza au Tuma, wakati mwingine katika simu ileile, lakini Shiriki ndilo lililotawala.

Tatizo lake halihusu ladha ya lugha. Mtumiaji anayesoma neno lile peke yake, bila sentensi na bila yambwa, ana haki ya kulielewa kama alivyolizoea. Katika matangazo ya bahati nasibu na mashindano yanayofika kwenye simu hiyohiyo, Shiriki sasa ni mwaliko wa kujiunga: jiandikishe, cheza, ushinde. Maana hiyo ndiyo ya kawaida ya neno. Kitufe kinamwambia mtumiaji ajiunge, kisha kinapeleka picha yake kwa watu.

Shiriki na yambwa yake

Kitenzi shiriki kina asili ya Kiarabu na kimezaa familia kubwa: shirika, ushirika, mshiriki, ushirikiano, ushirikina. Katika familia yote hiyo kiima ni yule anayeingia katika jambo lililopo au anayepata sehemu ya kitu kilichopo. Sentensi zifuatazo zinaonesha matumizi yasiyo na mashaka:

(1) a. Asha alishiriki katika mkutano.
b. Asha alishiriki mkutano.
c. Wenyeji na wageni walishiriki chakula kimoja.

Katika (1b) na (1c) kitenzi kimechukua yambwa moja kwa moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kusema kwamba shiriki si elekezi. Suala ni aina ya yambwa na uhusiano wake na kiima. Mkutano na chakula ni vitu ambavyo kiima hupokea fungu lake kutoka kwavyo. Asha wa (1b) hakuwapelekea watu mkutano, aliuhudhuria. Sasa itazamwe sentensi ambayo kitufe kinataka mtumiaji aitunge:

(2) ?Asha alishiriki picha.

Msomaji asiyetumia mitandao, akiilazimisha (2) itoe maana, atapata maana ya kwamba Asha alikuwa miongoni mwa waliomo katika picha, au alipata fungu lake la picha iliyokuwa ya wengi. Yote mawili yako mbali na yaliyotokea. Asha ni mtoaji, na sentensi imemweka katika nafasi ya mpokeaji. Kwa maneno mengine, dhima za kisemantiki zimepinduliwa huku umbo la kitenzi likibaki lilelile.

Lugha ina njia ya kulirekebisha jambo hili, nayo ni kauli ya kutendesha. Kiambishi -ish- huongeza mshiriki mmoja katika tukio: yule anayesababisha mwingine ashiriki. Shirikisha kwa hiyo humtaka mtoaji awe kiima na mpokeaji awe yambwa:

(3) a. Asha aliwashirikisha wenzake picha ile.
b. Wenzake walishirikishwa picha ile.
c. *Asha aliishirikisha picha wenzake.

Kiambishi cha yambwa ndicho kipimo kizuri hapa. Katika (3a) -wa- huwakilisha wenzake. Katika (3c) jaribio la kuweka -i- ya picha linaangusha sentensi. Kitenzi hiki kinamtazama mtu kabla ya kukitazama kitu. Ushahidi wa nje ya kompyuta ni mwingi. Katika tasnia ya muziki wa Bongo Fleva msanii anayemwalika mwenzake katika wimbo husemwa kuwa amemshirikisha. Yambwa ni msanii aliyealikwa, wala wimbo haushirikishwi. Katika mafundisho ya Kiislamu dhambi ya shirki huelezwa kwa tungo kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na hapo pia yambwa ni yule anayefanywa kuwa na mshirika. Ni kweli kwamba katika maandishi ya mtandaoni hukutwa tungo kama picha ilishirikishwa kwa wanakikundi, lakini haja ya kuongeza kwa inaonesha kwamba mwandishi amekihamisha kitenzi kutoka katika njia yake na amelazimika kumtafutia mpokeaji pa kukaa.

Sambaza lina mwelekeo wa kinyume. Ni kauli ya kutendesha ya sambaa, na kinachosambaa ni kitu:

(4) a. Asha aliisambaza picha ile.
b. Asha aliwasambazia wenzake picha ile.
c. Asha aliwasambaza wenzake.

Sentensi (4c) ni sahihi kisarufi, ila inasema jambo jingine kabisa: wenzake walikuwa wamekusanyika, Asha akawatawanya. Ili wapokeaji waingie kama wapokeaji ni lazima kauli ya kutendea itumike, kama katika (4b). Sambaza kwa hiyo hukitazama kitu kwanza, na humwacha mpokeaji bila kutajwa mpaka atakapoitwa. Hiyo ndiyo hali halisi ya anayeweka picha kwenye ukurasa ulio wazi: anajua anachokitoa, hajui kitamfikia nani.

Tuma ni jepesi kueleweka, lakini lina kikwazo chake. Kauli yake ya kutendea, tumia, ina umbo moja na kitenzi chenye maana ya kufanyia kazi. Alimtumia Juma picha haina utata kwa sababu ya yambwa mbili. Picha aliyoitumia huelekea kwenye maana ya kuifanyia kazi. Mfasiri wa programu, ambaye mara nyingi hukabidhiwa orodha ya maneno bila kuoneshwa skrini yatakapokaa, hana muktadha wa kumwokoa. Umbo lisilonyambuliwa, Tuma, halina tatizo hilo.

Kiungo huelekeza, picha hubebwa

Uchaguzi kati ya vitenzi hivi ungekuwa suala la upendeleo iwapo vitendo vyenyewe vingekuwa kimoja. Sivyo vilivyo. Anayemtumia mwenzake kiungo hampelekei kitu chenyewe. Anampelekea anwani ya mahali kilipo. Maandishi, picha au video vinabaki kwenye seva ya mwenyewe, na kila anayebonyeza anakwenda kuvitazama huko. Mwenye navyo akivibadilisha, wote waliopelekewa kiungo watakuta mabadiliko. Akivifuta, watakuta mlango umefungwa. Kazi ya kiungo, kwa lugha ya isimu, inafanana na ya kioneshi: pale, kule, hiki hapa. Maana yake inategemea kuwapo kwa kinachooneshwa.

Picha iliyoambatishwa ni nakala. Katika barua pepe jambo hili liliwezeshwa na kanuni za MIME zilizochapishwa mwaka 1992, kazi ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Kabla ya hapo barua pepe ilikuwa njia ya kupitishia herufi, na za Kiingereza zaidi. Ufumbuzi wao ulikuwa kuigeuza picha iwe mfuatano wa herufi: kila baiti tatu za picha huandikwa kwa herufi nne, kisha programu ya mpokeaji huzirudisha kuwa picha. Ndiyo maana picha ya megabaiti tatu husafiri ikiwa na uzito wa karibu megabaiti nne, na ndiyo maana kisanduku kinachokubali viambatisho vya megabaiti 25 hukataa faili ambalo mtumaji ameliona kuwa dogo kidogo kuliko hapo. Kwa mjadala huu la muhimu ni kwamba picha hiyo, ikishafika, haina tena uhusiano na ilikotoka. Mtumaji hawezi kuibadilisha. Mpokeaji anaweza kuikata, kuipeleka mbele, au kuibandika maneno mapya.

Kuna kitendo cha tatu ambacho kimezoeleka baadaye: kumfungulia mtu faili lililohifadhiwa mtandaoni. Hapa kiungo hutumwa, lakini kiungo pekee hakitoshi, kwani mwenye faili ni lazima aseme nani anaruhusiwa kusoma na nani kuhariri. Wanafunzi wa shahada za juu wanakijua kisa hiki vizuri: sura ya tasnifu imetumwa usiku wa manane, asubuhi msimamizi anajibu kwamba amekutana na ukurasa unaomtaka aombe ruhusa. Mwanafunzi ametuma, naam, ila hajamshirikisha. Ni katika kitendo hiki ambapo shirikisha linakaa mahali pake barabara, kwa sababu yambwa yake ni mtu anayeingizwa katika jambo linaloendelea.

Mpaka kati ya kiungo na picha umefifishwa na ubunifu wa mwaka 2010, Facebook ilipoanzisha kanuni za Open Graph. Mwenye tovuti huandika ndani ya ukurasa wake maelezo yasiyoonekana kwa msomaji: kichwa kiwe hiki, picha iwe hii, muhtasari uwe huu. Mtu anapobandika kiungo katika chapisho au ujumbe, programu huyasoma maelezo hayo na kutengeneza kadi yenye picha na kichwa cha habari. Urahisi wake ni mkubwa. Anwani ndefu isiyosomeka inageuka kuwa kitu cha kuvutia macho, na mpokeaji anapata kionjo kabla ya kubonyeza. Hata hivyo, kadi hiyo inaonekana kama kitu chenyewe. Mtu huiona, huipeleka, na huamini ameisoma habari ambayo hakuifungua. Kioneshi kimevaa nguo za kinachooneshwa.

Istilahi za mtaani

Wazungumzaji hawakuwasubiri wafasiri. Shea, linki, posti na forwadi vimeingia katika mazungumzo ya kila siku, na baadhi yake vina mwenendo wa kuvutia kimofolojia. Shea limekuja likiwa na mwisho -ea, ambao katika Kiswahili ni mwisho wa kauli ya kutendea, kama katika lea na pokea, au kwa hakika zaidi letea na semea. Matokeo yake ni kwamba linachukua yambwa mbili bila kuongezwa kitu: amenishea picha ina muundo uleule wa ameniletea picha. Neno la kigeni limekuta nyumba iliyokwisha kujengwa. Kwa upande mwingine, rusha, kitenzi cha siku nyingi kilichotumika kwa redio na televisheni zinazorusha matangazo, kimepanuliwa na kutumika kwa salio la simu na kisha kwa picha: nirushie ile picha. Kiuelekezi halina dosari, na linabeba taswira nzuri ya kitu kinachoruka kutoka mkono hadi mkono. Kilichokosekana ni heshima ya kirasimi tu.

Kuhusu nomino, kiungo limekubalika kuliko linki katika maandishi rasmi, ingawa linabeba mzigo: ni sehemu ya mwili, ni bizari na pilipili manga, na katika kurasa za michezo ni mchezaji wa kati. Mzigo huo hauleti utata wowote wa kweli. Mzizi -unga unaeleza kazi ya kitu, na msomaji anayeambiwa abonyeze kiungo hatafikiria mdalasini. Wale wanaopendekeza kiunganishi wanalichukua neno ambalo sarufi imekwisha kulipa kazi.

Shairi lililogeuzwa picha

Ni katika fasihi ambapo gharama ya kutotofautisha vitendo hivi inaonekana wazi. Mashairi ya Kiswahili husafiri sana siku hizi yakiwa picha: beti tatu nne zimeandikwa juu ya mandhari ya bahari au machweo, zikapelekwa kutoka kikundi hadi kikundi. Umbo la picha lina faida zake. Mpangilio wa vipande na mizani haubomolewi na skrini ndogo, na hata simu isiyo na salio la kufungua ukurasa inaweza kuionesha picha iliyokwisha kufika. Tatizo ni kwamba maandishi yaliyo ndani ya picha si maandishi kwa kompyuta. Hayatafutiki kirahisi, hayasomwi na programu inayomsomea asiyeona isipokuwa mtumaji ameongeza maelezo mbadala, na hayana kamba inayoyafunga kwa mtunzi. Programu nyingi za ujumbe huipunguza picha ili iende haraka, na katika kuipunguza huondoa pia taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili kama vile tarehe na mahali.

Mapokeo yenyewe yalikuwa na kinga. Watunzi wengi wa tendi waliweka majina yao, na mara nyingine tarehe, katika beti za tamati, ndani ya vina na mizani, ili anayenakili asiweze kulitupa jina bila kuharibu utungo. Mashairi ya magazetini yalichapishwa na jina la mtunzi na mji wake chini. Kanga, ambayo ni chombo cha zamani cha kupelekeana maneno na picha kwa pamoja, huwa na pindo, mji na jina. Na katika kanga za Mombasa zilizotokana na duka la Kaderdina Hajee Essak alama ya Mali ya Abdulla ilichapwa kwenye kitambaa chenyewe. Aliyempelekea shoga yake kanga ile alipeleka ujumbe na chimbuko lake kwa mkupuo mmoja. Picha ya simu hukatwa kwa kidole, na kinachokatwa kwanza ni ukingo wa chini, mahali ambapo jina la mtunzi lilikuwa.

Mtafiti wa fasihi ya mtandaoni hukutana na matokeo ya jambo hili katika ukusanyaji wa data. Shairi lililomfikia kama kiungo lina ukurasa, tarehe na mwenyewe, angalau hadi ukurasa utakapofutwa. Lililomfikia kama picha lina mtu mmoja tu anayejulikana: aliyelituma mara ya mwisho. Kulitaja kuwa halina mtunzi, au kuliweka kando ya methali na nyimbo za jadi kana kwamba ni mali ya jamii, ni kosa la kimbinu, kwa maana utungo uliokatwa jina si sawa na utungo usio na jina. WhatsApp ilipoanza, mwaka 2018, kuweka alama kwenye ujumbe uliopelekwa mbele, na Januari 2019 ilipoweka kikomo cha mazungumzo matano kwa kila upelekaji duniani kote, iliwapa wapokeaji taarifa mpya: huyu aliyenitumia si lazima awe mwandishi. Alama hiyo hata hivyo ni kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji. Inasema kitu kimesambazwa, haisemi na nani, wala kimetungwa na nani.

Aliyeshiriki na aliyesambaza mbele ya sheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya Kenya ya mwaka 2018 zote zina vifungu juu ya uchapishaji wa taarifa za uongo. Zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, suala la kitenzi gani kitaeleza kitendo cha mshtakiwa limekuwa la kivitendo. Mtu aliyebonyeza Shiriki anaweza kusema kwa unyofu kwamba alishiriki: alijiunga na mazungumzo ambayo wengine walikuwa wameyaanza. Kitenzi kinamuunga mkono, kwa kuwa kinamfanya mmoja kati ya wengi. Angebonyeza Sambaza asingekuwa na kauli hiyo, kwani sambaza ni kauli ya kutendesha na kiima chake ni chanzo cha kusambaa. Hoja si kwamba mahakama zitaamua kesi kwa viambishi. Hoja ni kwamba mtumiaji anastahili kuarifiwa, kabla kidole hakijagusa kioo, ni kitendo gani anakaribia kukifanya.

Kisingizio cha nafasi hakina uzito. Wafasiri wa programu hulalamika, na kwa haki, kwamba vitufe ni vidogo na maneno ya Kiswahili ni marefu. Lakini Shiriki lina herufi saba, Sambaza lina saba, na Tuma lina nne. Kitufe cha kuiweka picha au kiungo mbele ya umma kinaweza kuandikwa Sambaza bila kuongezwa upana. Cha kumpelekea mtu au kikundi mahususi kinaweza kuandikwa Tuma. Shirikisha, lenye herufi kumi, ndilo refu, na linahitajika mahali pamoja tu: kwenye faili linalofunguliwa kwa wengine. Huko nafasi ipo, kwa sababu kitufe hufuatwa na kisanduku kitupu cha kuandikia jina, na hapo kitenzi kinapata yambwa yake.